Sahihi ya Mjomba

Apam,
Jumapili, 11 Januari 2004

Mwanangu Araba,

Upepo mkavu wa harmatani mwaka huu umetupasua midomo hata kucheka tunacheka nusu. Nakuandikia nikiwa ndani, madirisha yamefungwa, na vumbi bado linanikuta mezani.

Basi nimestaafu. Ijumaa shule ilinifanyia sherehe na kunipa saa ya ukutani. Nikawaambia, miaka yote mmenikimbiza na kengele, leo mmeniachilia ndiyo mnanipa saa! Kisha mwalimu mkuu akaniuliza mbele ya watu ni jambo gani ninalojivunia. Nikasimama nikasema: binti wa dada yangu yuko Tema, kwenye ofisi ya utafiti, anaichungulia bahari kwa kioo. Mzee Tawiah wa mitumbwi akapaza sauti kutoka nyuma, "Basi muulize samaki wetu amewaficha wapi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nyumba imefika kwenye renta. Nikipata kiinua mgongo changu nitaezeka kabla mvua za Mei hazijafika, Mungu akipenda. Tumechoka na hivi vyumba vya kupanga, na Anti yako amechoka zaidi.

Mansa amemaliza sekondari na matokeo yake ni mazuri. Anasema hataki kingine chochote ila sayansi ya bahari, kama dada yake. Atakuandikia mwenyewe. Mjibu ukweli, yule mtoto hapendi kudanganywa.

Kuna jambo dogo. Ule mkopo wako wa chuo niliokudhamini, nadhani unakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Siulizi kwa ubaya. Mtu akistaafu anapenda kujua kila kitu chake kiko mahali pake. Na kama kuna lolote linalokutatiza huko, mimi ni mjomba wako, si mtu wa ofisini.

Anti Nyarkoa amesema nikusalimu. Unamjua, hapotezi maneno.

Mjomba wako,
Ekow Amissah


Tema,
25 Januari 2004

Mjomba wangu mpendwa,

Hongera kwa kumaliza salama. Nimecheka peke yangu kwa ile saa mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwambie Mzee Tawiah kwamba samaki wake tunawatafuta. Wiki hii tulikuwa bandarini tukipima maji. Mkuu wangu wa kazi ananiamini siku hizi, ananiachia hata funguo za maabara. Kazi ni nyingi na ndiyo maana Krismasi sikuweza kuja. Nilisikitika sana.

Kuhusu mkopo, usikuumize kichwa. Unakatwa. Mambo ya ofisi huenda polepole, lakini unakatwa. Wewe ezeka nyumba yako upumzike.

Nimempa dereva Kwamena makopo mawili ya maziwa, Milo, na katoni ndogo ya samaki wa barafu. Ofisi huwa inatugawia. Mpe Anti Nyarkoa, umwambie ni wa kwake.

Mwanao,
Araba Yankah


Apam,
15 Februari 2004

Kwa Mheshimiwa Daktari wa Samaki, Tema,

Dada Araba, shikamoo za kutosha, sasa tuingie kwenye kazi. Samaki wako wa barafu tumewala. Mama kasema hawana ladha, lakini kichwa kakifyonza mpaka mifupa ikaomba msamaha.

Nataka kusoma ulichosoma wewe. Kila mtu ananipa hotuba. Baba anasema "bahari ni urithi wetu," Mama anasema "bahari haitoi mshahara, nenda uuguzi." Hakuna anayenipa hesabu. Wewe umepita njia hiyo, kwa hiyo nakuuliza bila haya: ulikopa kiasi gani? Unapata kiasi gani kwa mwezi? Ukikatwa deni unabaki na nini? Usinipe methali, nipe namba.

La pili ni zito. Chuo kikinichukua itabidi nikope, na mkopo unataka mdhamini aliye kazini, anayekatwa pensheni. Novemba, kabla Baba hajastaafu, nilimwomba anitilie sahihi. Akakataa! Baba yangu! Hakutoa sababu, alivaa kofia akatoka. Mama alimngoja mlangoni: "Sahihi ilipatikana kwa mtoto wa dada yako, kwa wa kumzaa imekauka wino?" Hawakusemezana mpaka Jumapili.

Mimi mila naijua, ukoo hupitia kwa mama. Wewe ni wa ukoo wake, mimi ni wa ukoo wa Mama. Wa kunisimamia mimi ni Mjomba Ato, na Mjomba Ato yuko Italia anachuma nyanya, hajaandika tangu Krismasi ya mwaka juzi. Kwa hiyo, dada, umebaki wewe. Una kazi, unakatwa pensheni, una jina. Nitilie sahihi. Fomu inatakiwa mwisho wa Aprili.

Halafu kuna kitu Baba anafanya sikielewi. Kila baada ya wiki mbili anavaa suti anakwenda Accra. Anasema ni chama cha walimu wastaafu. Anarudi jioni kachoka, anasema ameshiba. Na amerudi kufundisha kwenye kile kishule cha binafsi nyuma ya kanisa, kwa malipo ya kununulia sabuni. Wewe ni mtu wake, kakuambia lolote?

Mdogo wako,
Mansa


Tema,
28 Februari 2004

Mdogo wangu Mansa,

Umetaka hesabu, haya.

Nilikopa kidogo kidogo kwa miaka minne. Chakula, vitabu, na zile safari za kwenda kupima maji ambazo hakuna anayekuambia kwamba utajilipia mwenyewe. Ukiwa chuoni hulioni deni. Unatia sahihi, unapokea, unakula. Riba haikai bure lakini. Leo deni la mtu wa darasa langu linakaribia milioni saba. Nina rafiki tuliyesoma pamoja, nisimtaje jina, anapata laki nne na nusu kwa mwezi. Chumba kinachukua laki, nauli na chakula vinachukua karibu zote zilizobaki, na nyumbani wanangoja nao. Akiamua asile, asivae, asilale ndani ya nyumba, atamaliza deni kwa mwaka na robo. Akila kama binadamu, atazeeka nalo. Na hiyo ni kama riba itamwonea huruma.

Darasani kwetu wanaonusa bahari kazini hawajai kiganja. Mmoja yuko benki, mmoja anauza simu, wengine wamekwenda ng'ambo kuosha wazee. Muuguzi hupewa posho akiwa bado anasoma, na akimaliza anapangiwa kazi. Mwenye akili angechagua nini?

Nisiwe mwongo kabisa. Kuna siku mwaka wa pili tulichukua maji hapo hapo Apam, chini ya ngome, nikaweka tone moja chini ya kioo, nikaona viumbe wamejaa humo, wanatembea, wanakula, wana miguu. Bahari niliyoogea tangu utotoni, na sikuwahi kuijua! Sikulala usiku ule kwa furaha. Hilo nalo liweke kwenye mizani yako, ila jua halilipi kodi ya chumba.

Kuhusu sahihi, haiwezekani. Ofisi yetu haituruhusu kudhamini watu. Usiniulize tena, tafadhali. Na Mansa, kusema kweli, sidhani hii ni njia yako. Wewe ni mtu wa haraka haraka na sayansi hii inataka utulivu. Nenda uuguzi.

Kuhusu Baba yako sijui lolote. Wazee wana mambo yao.

Dada yako,
Araba


Apam,
14 Machi 2004

Dada Araba,

Nimeipata barua yako. Sehemu ya kunitukana nimeiruka, kwa sababu hukuwahi kuniona mtu wa haraka haraka mpaka nilipokuomba sahihi.

Sasa nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Jumatano Baba alivaa suti yake. Nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya pensheni, hakuna cha chama wala wastaafu. Nikakaa benchi la nyuma, nimejifunika kitambaa kichwani. Akangoja mpaka mchana. Alipoitwa, alivua kofia mbele ya karani ambaye ni rika langu, na yule karani akamsemesha kwa sauti kila mtu akasikia: "Mzee, nimekwambia mara ngapi? Kiinua mgongo chako kimezuiwa. Umemdhamini mtu, mtu halipi. Mwambie huyo Araba Yankah alipe, ndipo uje."

Aliinama akasema, "Atalipa, bwana. Ni mtoto mzuri, ana kazi nzuri." Akamwita bwana. Mwalimu Amissah!

Alipogeuka akaniona. Hakunigombeza. Njiani aliteremka kuninunulia dokono ya mahindi na samaki wa kukaanga, akanitazama nikila, akasema, "Usimwambie mama yako." Basi.

Kwa hiyo ndiyo maana hakunitilia sahihi. Sahihi yake haina thamani tena, na aliona afadhali nimwone baba mbaya kuliko nikuone wewe mbaya. Mimi nilimnunia miezi minne, dada. Miezi minne nilimwekea chakula mezani bila kumkaribisha.

Nakuuliza swali moja tu. Ulimwandikia kwamba deni linakatwa kwenye mshahara wako. Linakatwa na nani?

Mansa


Tema,
20 Machi 2004

Mjomba,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Nikisema kwa heshima inakuwa uongo, kwa hiyo nitaisema ilivyo.

Halikatwi. Halijawahi kukatwa hata senti. Sifanyi kazi ofisi ya utafiti. Nilikuwa pale mwaka mmoja tu wa utumishi wa taifa, na mwaka ulipokwisha wakanishukuru wakanifungulia mlango. Niliomba kazi kila mahali penye neno bahari. Sasa nipo kwenye ghala la samaki wa barafu la Bibi Korkor. Samaki wanakuja na meli kutoka kwenye bahari za watu wengine, mimi nahesabu katoni, nikimaliza nazisukuma. Ni kibarua, sina pensheni wala karatasi, ndiyo maana nilimdanganya Mansa kuhusu sahihi. Na yule "rafiki" wa laki nne na nusu niliyemwandikia ni mimi.

Barua kutoka ofisi ya mikopo nilikuwa nazipata. Nilikuwa naziweka chini ya godoro. Wote tuliosoma pamoja tulikuwa tunaambiana, "Nani analipa hizo? Serikali itasamehe, uchaguzi unakuja." Tulikuwa tunacheka, Mjomba. Tulisema hivyo huku tunakula na kucheka. Sikuwahi kufikiri kwamba nisipolipa mimi kuna mtu mwenye jina anayeshikwa, na mtu huyo ni wewe. La, huo nao uongo. Nilifikiri, nikaacha kufikiri.

Mansa ameniandikia aliyoyaona Accra. Nimesoma pale ulipovua kofia, nikainuka nikaenda kwa Bibi Korkor. Najionea aibu. Uso wangu nauona mzito kuuosha asubuhi.

Bibi Korkor amenikopesha mshahara wa miezi miwili. Nimempa Kwamena pesa hizo kwenye bahasha iliyogundishwa, ni za kwako. Mungu akinijalia Mei nitakwenda mwenyewe ofisi ya mikopo nianze kulipa. Kama utataka kunilaani, subiri nimalize.

Araba


Apam,
2 Aprili 2004

Mwanangu Araba,

Kwamena atakurudishia bahasha yako. Sikuifungua. Peleka kwenye deni lenyewe, kwangu ingeishia kwenye saruji.

Sasa nami nikuambie. Kazi yako niliijua tangu mvua za mwaka jana. Mtoto wa Tawiah alipeleka mtumbwi kutengenezwa mashine Tema, akakuona na mkokoteni wa katoni. Alikuja kuniambia kwa upole, na tangu siku ile hata baba yake hajalitaja. Lile swali alilouliza ukumbini kuhusu samaki, aliuliza ili watu wacheke, nami niketi bila kuulizwa zaidi. Mimi nilisimama mbele ya shule nzima nikasema unachungulia bahari kwa kioo, na nilijua ni uongo. Halafu nikakuandikia Januari. Nilikuwa nakufungulia mlango, mwanangu. Ukaupita kama hukuuona, nami sikuwa na moyo wa kukushika mkono.

Utauliza kwa nini sikudai. Ningedaije? Kwa mila yetu nikifa leo, vyangu ni vya watoto wa dada yangu. Nilijiambia ofisi imechukua tu mapema kilichokuwa chako. Nilicheka kwa hilo, peke yangu, kwenye basi.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Ulipomaliza sekondari uliitwa chuo cha uuguzi Sekondi. Barua ilipitia kwangu. Nilikuja kwa mama yako nikasema, mtoto mwenye kichwa hiki hawezi kwenda kubeba beseni za wagonjwa, huyu atakuwa mwanasayansi. Mama yako aliuliza, "Kaka, watamlipa?" Nikamjibu kama mwalimu anavyomjibu mtu asiyekwenda shule. Ulikuwa umesimama pale ukatutazama. Hukusema kitu kwa sababu ulikuwa mtoto wa adabu. Nilitaka kuona jina la ukoo wetu kwenye joho, Araba. Sikupiga hesabu. Mwalimu wa hesabu mzima sikupiga hesabu! Sasa wewe unanililia mimi msamaha, na mimi nimwombe nani?

Mansa simwambii afuate wala aache. Nimejifunza kunyamaza, nimechelewa.

Anti yako asijue. Amevumilia vyumba vya watu miaka yote kwa ahadi ya nyumba ile, na kwa mila hana fungu lolote katika deni lako wala katika urithi wangu. Akijua kwamba paa lake limeliwa na mtoto wa ukoo mwingine, sitakuwa na pa kuuweka uso.

Mjomba wako,
Ekow


Tema,
22 Mei 2004

Mjomba,

Nimetoka Accra sasa hivi na bado nimevaa viatu.

Nilikwenda ofisi ya mikopo na pesa zangu kwenye pindo la nguo. Nilipanga foleni tangu asubuhi, nimejizoeza na maneno ya kusema, kwamba naomba nilipe pole pole, kwamba wamwachilie mzee wa watu. Karani akatafuta jina langu akaniambia, "Umefuata nini? Deni lako limekwisha." Nikadhani amekosea. Akageuza karatasi nikaiona: limelipwa lote, na riba yake, mwezi wa Aprili, kwa fedha taslimu. Nilipomuuliza ni nani, alisema yeye hakuwepo zamu siku hiyo, ila mdhamini ameshaandikiwa kwamba yuko huru.

Mjomba, umefanya nini? Umeuza kile kiwanja? Umeuza nyumba na renta zake? Nilikuomba unisubiri. Pesa nilikuwa nazo mkononi, kidogo lakini zangu, nimezibeba nimerudi nazo. Nilikuwa nataka kulipa mimi! Nilitoka pale nikalia kwenye ngazi, watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Niambie umeuza nini.

Araba


Apam,
30 Mei 2004

Mwanangu,

Sijauza kitu. Kiwanja kipo, nyumba ipo pale pale, imeota majani. Ni kweli nimepata barua kwamba kiinua mgongo kimeachiliwa, na nilikuwa nimekaa kukuandikia kukushukuru. Nilidhani ni wewe.

Nimemuuliza Mansa. Aliangalia chini akasema ana nguo za kuanua. Hazikuwepo nguo kambani.

Ekow


Apam,
13 Juni 2004

Araba,

Anayeandika ni Mansa, maneno ni yangu. Nimemwambia asiyalainishe.

Mjomba wako amenizunguka wiki nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, anataka kuniuliza na anaogopa. Jana nimemwambia. Leo nakuambia wewe, ili ulale.

Niliyelipa ni mimi. Mansa aliporudi kutoka Accra siku ile, siku ya tatu nikambana akasema. Sikupiga kelele. Si ndizo mlizokuwa mnaziogopa wote, kelele zangu? Niliingia chumbani nikafungua masanduku.

Hujawahi kuyaona yakiwa wazi. Mwanamke wa kwetu hana benki, ana vitenge. Tangu niolewe hakuna mwaka nilioupitisha bila kununua, na nilivyonunua sikuvikata. Kile kiitwacho Fedha Ina Mabawa nilikinunua mwaka aliozaliwa Mansa. Cha Shanga Njema Hazipigi Kelele alinipa mjomba wako alipopandishwa cheo, na hicho sitakieleza zaidi. Niliviuza vyote soko la Mankessim. Wanawake wa pale walivipapasa, wakavinusa, wakaniuliza, "Mama, nani amekufa?" Nikawaambia hakuna, nendeni na kazi yenu.

Huko Accra karani aliniuliza, "Wewe ni nani wa huyu Araba?" Kwa mila mimi si kitu chako. Nikamwambia aandike mlipaji.

Usidhani nilikulipia wewe. Nilikuwa na hasira nawe na bado ninazo. Nililipa kwa sababu mume wangu alikuwa analala njaa anasema ameshiba, na kwa sababu nilimsimanga mlangoni kwa sahihi ambayo hakuwa nayo. Hilo nalo ni langu, nitalibeba mwenyewe.

Kiinua mgongo kikija, Mansa atakwenda nacho chuo. Huko huko kwenye bahari yenu. Nilimwambia asome tena barua yako ya hesabu, akasema, "Mama, nimeisoma, deni nimeliona, na lile tone la maji nimeliona." Kichwa ni cha Amissah, nifanye nini? Lakini hakopi, wala hakuna mtu atakayemtilia sahihi. Mabati yatangoja. Zile pesa ulizorudi nazo zitakuwa za chakula chake, na kila mwezi utaongeza. Mimi usiniletee hata moja. Ukianza kuniletea kidogo kidogo tutakuwa tunakumbushana mpaka nife.

Nina jambo moja na wewe, na si la pesa.

Mama yangu amefariki. Yuko mochwari Winneba, mazishi ni Jumamosi tarehe kumi na saba Julai. Mimi ni binti yake wa kwanza. Binti wa kwanza hukesha na kitenge kimoja, huzika na kingine, na Jumapili ya shukrani huvaa cheupe, na wanawake wa Apam huhesabu. Nimebakiwa na cheusi kimoja. Nitakesha nacho, nitamzika nacho, na kanisani nitakwenda nacho.

Uje tangu Ijumaa. Usikae nyuma na wageni. Utakaa mbele, ubavuni mwangu, siku zote tatu. Na watakaponiuliza, "Nyarkoa, vitenge vyako viko wapi?" nitawaonyesha wewe, kwa mkono.

Nyarkoa